Jembe, Heleri na Kina cha Nakshi

Kabla ya boma la Wajerumani kujengwa Mwanza, chuma kilichothaminiwa sana kusini mwa Ziwa Viktoria hakikuwa na nakshi. Warongo, ambao walikuwa zaidi chama cha kazi cha wayeyusha chuma kuliko kabila, walifua majembe upande wa Geita na Biharamulo. Majembe hayo yalifika Usukuma, yakalimiwa, yakatolewa na mahari. Mnunuzi alilipima jembe kwa mwili wake: uzito mkononi, unene wa ubapa. Alama za nyundo zilibaki wazi, wala hazikumvunjia mhunzi heshima. Naona sarafu ya kikoloni iligeuza jambo hilo: iliwataka watu wa ziwa waamini uso wa chuma, na uso huo ulitegemea nakshi ambayo kina chake hakifiki milimita moja.

Atakayepinga atasema rupia nayo ilikuwa na mwili. Ni kweli. Rupia ya Kijerumani yenye sura ya Kaisari Wilhelm II ilikuwa na gramu 11.66, na katika kila sehemu 1000 fedha halisi ilikuwa 917. Aliyetaka angeiyeyusha akapata bangili. Lakini heleri zilizoanza 1904, mia moja kwa rupia, zilikuwa shaba tu. Ukiifuta taji na tarehe, hubaki na kipande kisicho na kazi. Hapo ndipo mchongaji wa muhuri wa kupigia sarafu alipobanwa. Akichonga kwa kina kidogo, mchoro hulika upesi mikononi mwa watu. Akizidisha, shaba haijai ndani ya muhuri bila kukandamizwa kwa nguvu kubwa, na muhuri wenyewe huwahi kupasuka. Tena mchoro sharti ubaki chini ya ukingo, la sivyo sarafu hazipangiki.

Mwaka 1916 jambo hili lilionekana wazi. Waingereza walikuwa wameifunga bahari, sarafu za Ulaya hazifiki, basi Wajerumani wakazipiga Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke walitoa rupia 15 yenye tembo mbele ya mlima, sarafu 16,198 tu. Hiyo ndiyo inayosifiwa na wakusanyaji, nami nadhani wanaisifu kupita kiasi. Shahidi mkweli zaidi ni heleri 20 ya shaba, yenye herufi T. Iweke karibu na mwenzake: hii ina taji kubwa, ile taji dogo, mkia wa L ya neno HELLER huku umepinda, kule umechongoka. Wapo watakaosema huo ni uzembe wa vita. Sidhani. Mzembe angeendelea na muhuri uleule hata umechakaa. Tofauti hizi zinaonyesha mihuri mipya ikichongwa kwa mkono, na kazi ya mkono hairudii kina wala umbo kama mashine ya leza ya leo, inayokula chuma tabaka kwa tabaka kwa hesabu iliyopangwa.

Mwanza ilitekwa Julai 1916, Tabora ikafuata tarehe 19 Septemba. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipotoka 1921, ikiwa na simba mbele ya milima, fedha ndani yake ilikuwa robo tu. Robo tatu zilizobaki zilikuwa madini ya bei ndogo, na ilipokelewa.