Safu ya Lugha: Kioo Hakifinyangwi

Maelezo ya vyombo vya kale vya Kirumi wakati mwingine husema vikombe vya kioo "vilifinyangwa". Kitenzi hicho ni cha udongo, unaokandwa na kuumbwa kwa mikono. Kioo kilichoyeyuka hakishikiki.

Awali mafundi walikizungusha kwenye kiini cha udongo, au walikisubu. Kusubu, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kumimina kilichoyeyuka katika kalibu. Kazi hiyo ilikwenda polepole, na bei ilikuwa kubwa.

Katika karne ya 1 KK, kwenye pwani ya Shamu, ukazuka ufundi wa kupuliza: fundi huchota donge la moto kwa ncha ya bomba, hupuliza, nalo hufura kama puto. Muda si mrefu mwanajiografia Strabo akaandika kwamba Roma kikombe cha kioo kilinunuliwa kwa sarafu ya shaba.

Je, Ennion, fundi wa karne ya 1 BK aliyetumia kalibu zenye jina lake, alisubu? Hapana, alipuliza. Kalibu ilikuwepo, lakini pumzi ndiyo iliyokisukuma kioo hadi kwenye kuta zake.