Daraja la uchumi katika safari ndefu za ndege

Daraja la uchumi (pia: daraja la kawaida) ni sehemu ya ndege ya abiria yenye viti vya bei nafuu kuliko vyote. Katika safari ndefu, yaani zile zinazozidi takriban saa sita angani, daraja hilo kwa kawaida hubeba abiria wengi kuliko madaraja mengine ya ndege hiyohiyo. Jina lake ni moja kwa mashirika karibu yote, lakini upana wa kiti, mizigo inayoruhusiwa, muda wa kusubiri njiani na haki za abiria safari inapoharibika hutofautiana sana. Tofauti hizo mara nyingi hutokana na aina ya ndege, njia inayopitwa na masharti ya tiketi kuliko jina la shirika.

Historia

Hadi miaka ya 1940 nauli za kuvuka bahari kwa ndege zilimudiwa na watu wachache tu. Mwaka 1952 mashirika wanachama wa IATA yalianzisha nauli ya daraja la watalii kati ya Ulaya na Amerika Kaskazini. Mwaka 1958 likafuata daraja la uchumi, lenye nauli ya chini zaidi na huduma chache. Ndege ya Boeing 747, iliyoanza kubeba abiria mwaka 1970, iliongeza sana idadi ya viti katika safari moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza zilianza kuuza daraja la kati, lililo baina ya uchumi na biashara. Mwaka 2011 Air New Zealand ilianza kuuza viti vitatu vya daraja la uchumi vinavyoweza kugeuzwa kuwa mahali pa kujilaza.

Viti

Viti hulinganishwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni umbali kutoka sehemu fulani ya kiti hadi sehemu ileile ya kiti cha mbele. Katika safari ndefu kwa kawaida ni sm 79 hivi (inchi 31). Kwa kuwa kipimo hicho kinajumlisha unene wa mgongo wa kiti, si sawa na nafasi halisi ya miguu.

Kipimo cha pili ni upana. Huo hutegemea umbo la ndege na idadi ya viti ambavyo shirika limeamua kuweka katika mstari mmoja. Mipangilio ya kawaida ni hii:

- Airbus A330: 2-4-2, takriban sm 46
- Airbus A380: 3-4-3, takriban sm 46
- Airbus A350: 3-3-3, takriban sm 45
- Boeing 787: 3-3-3, takriban sm 43–44
- Boeing 777: 3-4-3, takriban sm 43

Boeing 777 ilipoanza kazi mwaka 1995 ilikuwa na viti 9 kwa mstari. Baadaye mashirika mengi yaliongeza cha 10. Japan Airlines, kinyume chake, imeweka viti 8 kwa mstari katika ndege zake za Boeing 787 za safari za kimataifa. Hata ndani ya shirika moja hali hubadilika: abiria wa Emirates anayepanda A380 hupata kiti kipana kuliko yule anayepanda 777.

Mwaka 2018 Bunge la Marekani liliagiza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo (FAA) iweke vipimo vya chini vya viti kwa ajili ya usalama. Miaka kadhaa baadaye vipimo hivyo vilikuwa bado havijawekwa.

Njia

Safari ya moja kwa moja huokoa muda, lakini abiria hukaa kitini kwa saa nyingi mfululizo. Kenya Airways ilianza safari za moja kwa moja kati ya Nairobi na New York tarehe 28 Oktoba 2018 kwa ndege ya Boeing 787. Safari ya kwenda huchukua saa 15 hivi. Mashirika mengine yanayohudumia Afrika Mashariki huwapitisha abiria wao kwenye vituo vyao vikuu, kama Addis Ababa, Dubai, Doha, Istanbul au Amsterdam.

Mahali pa kituo huathiri safari. Addis Ababa iko kwenye mwinuko wa mita 2,300 hivi, ambako hewa ni nyepesi na ndege haiwezi kupaa na uzito wake wote. Kwa sababu hiyo safari za Ethiopian Airlines za kwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani, huku baadhi ya zile za kurudi zikienda moja kwa moja.

Pasipoti nayo huamua njia. Kwa mfano, raia wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwa kawaida huhitaji viza hata kwa kubadilisha ndege tu katika uwanja wa nchi za Schengen, isipokuwa wale wenye vibali maalumu.

Nauli na mizigo

Mashirika mengi huuza nauli za ngazi kadhaa kwa kiti kilekile. Ile ya chini kabisa inaweza kukosa mzigo wa kupakiwa, uchaguzi wa kiti au ruhusa ya kubadilisha tarehe. Mzigo huhesabiwa kwa vipande, mara nyingi vya kilo 23, au kwa jumla ya uzito.

Abiria mwenye tiketi moja kwa safari nzima akikosa ndege ya pili kwa sababu ya ucheleweshaji wa ile ya kwanza, shirika huwa na wajibu wa kumfikisha. Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa kawaida hubeba hasara mwenyewe.

Haki za abiria

Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, huwawajibisha mashirika kwa ucheleweshaji na kwa mizigo iliyopotea au kuharibika, kwa kiwango chenye kikomo.

Kanuni namba 261 ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 huongeza fidia ya hadi euro 600 kwa safari ndefu iliyofutwa au kuchelewa sana, isipokuwa sababu iwe nje ya uwezo wa shirika. Kanuni hiyo inahusu safari zote zinazoondoka katika Umoja huo, lakini zinazoingia ni zile tu zinazoendeshwa na mashirika ya Umoja wenyewe. Hivyo abiria wa ndege ya KLM kutoka Nairobi kwenda Amsterdam analindwa, na wa ndege ya Kenya Airways katika njia hiyohiyo halindwi. Wakati wa kurudi wote wawili wanalindwa.

Afya

Kukaa bila kujongea kwa saa nyingi huweza kusababisha damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kuwa hatari hiyo huongezeka takriban maradufu baada ya safari ya saa nne au zaidi, ingawa hubaki ndogo: takriban mtu mmoja kati ya 6,000. Chanzo chake ni kutojongea, kwa hiyo huwapata pia abiria wa madaraja ya juu, wa mabasi na wa treni. Kutembea kidogo ndani ya ndege na kukunja na kukunjua miguu hupunguza hatari hiyo.