Historia ya Hadidiski na Sauti za Wazee Wetu

Mwaka jana kompyuta ya kituo chetu cha vijana ilianza kulia: tik, tik, tik. Tukasema ni vumbi tu. Siku ya tatu ikagoma kuwaka. Ndani yake kulikuwa na sauti za wazee 14 wa Fizi na Uvira, wakisimulia walivyovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Nakala nyingine hatukuwa nayo. Wawili kati ya wazee hao walikuwa wamekwishafariki. Hapo ndipo nilipoanza kutafuta hiki chombo tunachokiita hadidiski kimetoka wapi.

Kimetoka San Jose, California. Mwaka 1956 kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa RAMAC, kazi ya kundi lililoongozwa na Reynold Johnson. Diski yake ilikuwa kabati zima: sahani 50 za chuma, kila moja na upana wa sentimita 61 hivi, zikizunguka pamoja. Uzito ulipita tani moja. Na kabati lote hilo liliweka herufi milioni 5 tu, yaani kama picha moja ya simu ya leo! Mwaka 1980 kampuni ambayo baadaye iliitwa Seagate ilitoa diski yenye uwezo wa karibu hiyohiyo, lakini hiyo unaibeba kwa mkono mmoja.

Umbo limepungua, kazi ni ileile. Sahani imepakwa kitu kinachoshika sumaku, inazunguka, na kichwa kidogo kinapita juu yake kikisoma na kuandika. Kichwa hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa, na pengo lililopo ni dogo kuliko chembe ya moshi. Ndiyo maana diski hufungwa isiingie vumbi, na ndiyo maana ukiiangusha au kuigonga ikiwa inazunguka, kichwa kinaweza kukwaruza sahani. Ile tik-tik yetu mara nyingi ni kichwa kinatafuta njia na hakiioni. Ukiisikia, usiwashe na kuzima mara kumi kama tulivyofanya sisi. Kopi haraka kinachokopika, kisha zima.

Umeme nao. Jenereta ikizimika ghafla, diski za siku hizi hurudisha kichwa pembeni zenyewe, ila faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki nusu.

Hayo ni ya diski kupoteza. Lakini kuna lingine, na hilo liliniogopesha zaidi. Baada ya ile kufa tuliletewa kompyuta za mitumba, zimefutwa, tukaambiwa. Kijana mmoja wetu akaweka programu ya kurudisha faili, kucheza tu. Zikatoka barua za kazi na picha za watoto wa mtu wa mbali tusiyemjua. Tukazifunga, tukaona haya.

Sababu ni hii: ukifuta faili, kompyuta kwa kawaida inafuta jina lake kwenye orodha tu na kusema nafasi iko wazi. Maandishi yenyewe yanabaki palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kati ya 2000 na 2002, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa chuo cha MIT Marekani, walinunua diski za mitumba 158. Zilizofanya kazi zilikuwa 129. Zilizosafishwa sawasawa? 12. Kwenye nyingine walikuta namba za kadi za benki na habari za wagonjwa.

Sasa ndugu zangu wa mashirika, na sisi wa vituo, tufikirie. Kompyuta zetu zina majina ya watoto, kijiji mtu alikotoka, na nani alimkimbia nani. Benki inaweza kumpa mtu kadi mpya. Mtu aliyetoroka kundi lenye silaha apewe nini?

Sisi sasa tunafunga diski nzima kwa nywila tangu siku ya kwanza. Kwenye flashi na diski zisizozunguka hilo ni muhimu zaidi, maana huko hata kuandika juu ya faili hakuhakikishi kwamba ya zamani imetoweka. Diski ya zamani ya kuzunguka tunaiandika upya yote kabla haijatoka mlangoni. Na kila rekodi ina nakala tatu, moja ikilala nje ya kituo, kwa sababu paa letu ni turubai na moto tunaujua.

Ile diski iliyokufa hatujaitupa. Iko kwenye kopo, kabatini, imefungwa kwa kufuli. Kuna maabara ambazo zingeweza kuifungua, ila bei yake si ya kituo kama chetu. Wazee 12 tuliwarudia. Mmoja alinitazama nikitoa simu ya kurekodi, akasema, "Mwanangu, hii hadithi si nilikupa? Umeiweka wapi?"