ECG: Karatasi ya Vilima Inayosoma Moyo (Sehemu ya 3)

Baada ya sehemu ya 2 wengi mmeniuliza: "Nesi, zile nyaya za ECG si zitampiga mtoto shoti? Na ile karatasi ya vilima vilima mnaisomaje?" Leo nawajibu kwa historia.

Twende London, mwaka 1887. Daktari Augustus Waller alionyesha kwamba umeme mdogo wa moyo wa binadamu unaweza kupimwa juu ya ngozi, bila kumpasua mtu. Baadaye alipenda kuonyesha hilo kwa kumtumia mbwa wake, Jimmy. Mbwa anasimama katulia, miguu ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Watu wakalalamika hadi Bungeni kwamba mnyama anateswa. Lakini hakuna umeme ulioingizwa mwilini mwake. Mashine ilipokea tu ule unaotoka kwenye moyo. Na ndivyo ilivyo kwa mwanao. Zile nyaya zinasikiliza tu.

Sasa tuhamie Uholanzi. Willem Einthoven alizaliwa 1860 kisiwani Java. Baba yake alifariki Willem akiwa bado mdogo, mama akarudi Uholanzi na watoto sita. Mmoja wao ndiye huyu aliyetengeneza, mwaka 1901, mashine iliyochora umeme wa moyo vizuri kuliko zote za kabla yake. Yaani lidude lenyewe lilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na liliendeshwa na watu 5! Mgonjwa alitumbukiza mikono miwili na mguu wa kushoto kwenye maji ya chumvi. Mwaka 1924 Einthoven akapewa Tuzo ya Nobel.

Herufi alizovipa vile vilima, P, Q, R, S na T, ndizo tunazotumia mpaka leo. Kilima kidogo P ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo. Kile chembamba kirefu, QRS, ni wa vyumba vya chini vinavyosukuma damu. T ni moyo unajiandaa kwa pigo lijalo.

Tunaposoma, tunajiuliza: mapigo yamepangana? Kila QRS ina P yake mbele? Kasi ni ngapi? Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo kisanduku kikubwa kimoja ni sekunde 0.2. Hesabu visanduku vikubwa kati ya R na R, kisha gawa 300 kwa idadi hiyo. Vikiwa 4, moyo unapiga 75 kwa dakika. Kwa kichanga, 140 ni kawaida, usishtuke. Na kwa watoto, mapigo kuongezeka kidogo wakivuta hewa na kupungua wakiitoa ni kawaida pia.

Ila kuna mvurugiko mwingine. Madaktari wa zamani walikutana na wagonjwa ambao mapigo yao hayakuwa na mpangilio kabisa, wasijue yanatokea wapi. Mwaka 1909 Thomas Lewis wa London akaeleza: vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Kwenye karatasi P haionekani, na R zinakuja ovyo ovyo. Wengi wa wagonjwa wale vali za moyo zilikuwa zimeharibiwa na homa ya rumatiki.

Hapo ndipo historia inaingia nyumbani kwako, mama. Homa hiyo huanza na koo la mtoto, lile la bakteria lisilotibiwa. Wiki chache baadaye viungo vinavimba na kuuma kwa kuhamahama, na moyo unaweza kuguswa. Binti anakua, anaonekana mzima, halafu anapata ujauzito na pumzi inakata akilala chali. Watu wanasema "ni mimba tu." Si lazima iwe mimba tu.

Kwa hiyo mtoto mwenye koo linalouma na homa, mpeleke kituoni, na dawa amalize. Aliyeandikiwa sindano za penisilini kila wiki 3 au 4 asiruke hata moja. Mjamzito anayekosa pumzi, moyo kwenda mbio au kuzimia, aende leo, asingoje kliniki ijayo. Na ECG ikiwa safi bado dalili zipo, uliza kuhusu kipimo cha eko, maana vali mbovu inaweza isionekane kwenye karatasi.

Sehemu ya 4 tutazungumzia eko yenyewe. Mtumie mama mwenzako asome.