Mafuta Kwanza

Kituntu hakuna ziwa. Kuna migomba, kuna kahawa, na ukipanda kilima siku isiyo na ukungu unaona vilima vingine. Dagaa tuliwajua wakiwa wakavu, wakipimwa kwa kopo siku ya gulio, na mchanga wao ambao mama aliutoa kwa kuwaosha maji matatu. Sikuwahi kujiuliza wamevuliwaje. Nilikuja kulijua hilo ukubwani, nilipopewa na mjomba kaunta buku lake la ziwani nimsaidie kupiga hesabu za deni la zamani.

Kila usiku wa kazi una mistari yake: chakula, matengenezo ya nyavu, mgawo. Lakini mstari wa kwanza haubadiliki kamwe. Umeandikwa neno moja: mafuta.

Mjomba hakuzaliwa mvuvi. Alikuwa na miti ya kahawa aliyoachiwa na baba yake. Julai 1989 mgao wa mauzo uliowekwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika, na bei duniani ikaporomoka. Huku Karagwe hakuna aliyealikwa kwenye kikao hicho, ila ada za shule zilisubiri vilevile. Miaka michache baadaye mjomba alipita Kyaka, akateremka Bukoba, akapanda mtumbwi kuelekea visiwa vya Muleba. Hakujua kuogelea.

Huko alikuta kazi inayofanyika gizani. Dagaa hupanda karibu na uso wa maji usiku, na mwanga huwakusanya, wao pamoja na vijidudu wanavyovila. Mwezi ukiwa mpevu mwanga wa taa hauna nguvu, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi na kurudi majini giza likiingia. Bila taa hakuna dagaa. Ndiyo maana historia ya uvuvi huu ni historia ya taa, na ya nani analipwa kwa ajili ya taa hiyo.

Ziwa Tanganyika linaonyesha mwanzo wake vizuri zaidi. Wavuvi wa huko waliwasha moto wa kuni mbele ya mtumbwi na kuwachota dagaa kwa wavu wenye mpini uitwao lusenga. Kuni zilichosha mikono, lakini hazikuwa na mwenye duka. Miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki waliokuwa Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, walileta meli za nyavu kubwa za kuzungushia, na taa za shinikizo zikaanza kuchukua nafasi ya kuni hata kwenye mitumbwi ya kawaida.

Taa hizo ndizo karabai. Aina yake maarufu, Petromax, ilitoka Berlin kwenye kiwanda cha Max Graetz mwaka 1910. Unapiga pampu, mafuta ya taa yanapanda kwa shinikizo, yanageuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko cha nyuzi hadi kinang'aa kama balbu. Pale Muleba mjomba alifundishwa kuziweka karabai nne juu ya vyelezo, kuziacha zielee mbalimbali, kisha kuzivuta polepole mpaka makundi manne ya dagaa yawe kundi moja. Hapo ndipo wavu unazungushwa. Karabai nne zilikunywa lita sita kwa usiku. Kulipokucha tajiri wa mtumbwi alitoa kwanza gharama ya mafuta, na kilichobaki ndicho kilichogawanywa kati yake na vibarua. Usiku mbaya ulikuwa na mstari mmoja tu daftarini.

Jenereta ya kubeba mkononi ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia kitambo. Honda walitoa E300 yao mwaka 1965, ya wati 300, ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba. Mjomba aliipata ya kwake mwaka 2006, ndogo, ya petroli iliyochanganywa na oili. Tajiri aliinunua, akaandika deni. Ilifungwa juu ya ubao nyuma ya mtumbwi, nyaya zikapitishwa kwenye mbavu za mtumbwi hadi kwenye balbu zilizoning'inizwa juu ya maji.

"Mwanga ulikuwa mwingi, mpwa wangu," aliniambia. "Lakini karabai unaiacha inaelea. Balbu imefungwa kwa waya, haiendi mbali na mtumbwi."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Kwa wavuvi wa vipe viwili vilivyounganishwa, wanaoshusha wavu chini na kuunyanyua, taa kukaa chomboni si tatizo. Kwa mvuvi wa taa zinazoelea, waya ulikuwa kamba shingoni. Tena zilikuwa volti 220 juu ya mbao zilizolowa, na mashine inayotetemeka mpaka inalegeza skrubu zake yenyewe. Tangi la lita nne liliisha kabla ya alfajiri. Mstari wa kwanza wa daftari ulibaki palepale. Lililobadilika ni aina ya mafuta.

Usiku mmoja mvua ilinyesha. Waliifunika jenereta kwa turubai isizimike, wakajikunyata chini ya turubai hilohilo. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayokaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Mjomba alianza kuumwa kichwa, akatapika, akadhani ni mawimbi. Mwenzake alikuwa amelala na hakuitika alipoitwa. Nahodha ndiye aliyelivuta turubai. Walizinduka wote wawili, mvua ikiwapiga usoni. Kwenye daftari usiku huo una mstari wa mafuta, na chini yake hakuna kitu.

Baada ya hapo jenereta ilishushwa nchi kavu. Ikawekwa mwaloni, ikawa ya kuchajia betri. Taa za LED zilikuwa zimeanza kufika, na taa hizo hula umeme kidogo sana: betri ndogo ya pikipiki, ya volti 12, inaikesha moja, na betri inakaa pamoja na taa yake juu ya kielezo. Mwanga ukaachiwa uelee tena. Upande wa Kenya, mwaka 2008, kampuni ya Osram ilifungua kituo cha sola Mbita ambako wavuvi walikodi taa zilizochajiwa kwa jua. Kwa mjomba jua lilichelewa. Kwa miaka kadhaa sola ya mwalo wake ilikuwa ile jenereta, inguruma mchana kutwa, na kila betri inalipiwa.

Alirudi Kituntu na jenereta hiyo. Siku hizi huwashwa kwenye misiba na harusi, nje ya nyumba, mbali na madirisha. Hilo halina mjadala kwake.

Tulipomaliza hesabu tuligundua deni la jenereta lilikuwa limelipwa zaidi ya mara moja. Mjomba aliutazama ukurasa muda mrefu, kisha akalifunga daftari.

"Na kahawa ilikuwa hivyohivyo," alisema. "Ila kahawa haikuwa na daftari."

Jioni shangazi alipika dagaa. Aliwaosha maji matatu.