Jino lililotibiwa mzizi halijapona mpaka lizibwe kwa kudumu

Tiba ya mzizi wa jino humwondolea mgonjwa maumivu, lakini haimalizi kazi. Daktari akisha kuondoa kiini kilichooza, kusafisha mifereji ya mizizi na kuijaza gatapecha, yaani utomvu mgumu wa mti unaofanana na mpira, juu ya jino hubaki tundu. Mara nyingi tundu hilo huzibwa kwanza kwa dawa ya muda, iliyokusudiwa kudumu wiki chache tu.

Hapo ndipo meno mengi hupotea. Kwa mkulima wa Karambi, wilayani Kasese, magharibi mwa Uganda, safari ya pili ya kwenda Bwera au Kasese mjini ni nauli, na ni siku iliyotolewa kwenye shamba la kahawa. Jino nalo haliumi tena. Haliumi kwa sababu halina neva. Dawa ya muda ikilika, mate na bakteria hupenya hadi mizizini bila maumivu ya kumwonya mwenyewe. Tundu likikaa wazi kwa takriban miezi mitatu, madaktari wengi hushauri tiba ya mzizi irudiwe tangu mwanzo.

Hatari nyingine ni kuvunjika. Wengi husema jino lisilo na neva hukauka. Ukweli ni kwamba limepungukiwa kuta kwa kuoza na kwa kuchimbwa. Jino la mbele lililobakiwa na sehemu kubwa hutosheka na kompoziti, dawa ngumu yenye rangi ya jino. Gego ni jambo jingine. Linapotafuna mahindi ya kuchoma, kuta zake husukumwa nje, na ufa ukishuka mzizini hakuna tiba ila kung'oa. Kwa hiyo gego huvikwa kofia ya chuma au ya kauri. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002 ulionyesha kuwa meno yaliyotibiwa mzizi bila kuvikwa kofia yalipotea kwa kasi mara 6 kuliko yaliyovikwa.

Kofia ni ghali. Asiyeimudu anaweza kumwomba daktari apunguze ncha za gego na kuzifunika zote kwa kompoziti, badala ya kuziba tundu la katikati pekee. Gharama hiyo yafaa iulizwe kabla tiba ya mzizi haijaanza, pamoja na tarehe ya kurudi. Dawa ya muda ikimomonyoka au kijipu kikitokea kwenye ufizi, mgonjwa arudi mara moja, hata kama hasikii maumivu.