Maseno: Chuo kikuu kilichosimama juu ya vyuo vya wengine

Maseno ni kituo kidogo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu itokayo Kisumu kwenda Busia, yapata kilomita 25 kutoka jijini, mahali ambapo mstari wa ikweta hupita. Msafiri anayetoka ufuoni mwa Ziwa Victoria hupanda polepole hadi mwinuko wa karibu mita 1,500, na joto la ziwani hupungua. Hapo ndipo yalipo makao ya Chuo Kikuu cha Maseno, cha sita kati ya vyuo vikuu vya umma nchini Kenya na cha kwanza cha aina hiyo katika uliokuwa Mkoa wa Nyanza.

Miaka inayohesabiwa rasmi katika historia yake ni mitatu: 1990, kilipoanzishwa kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi, 2001, kilipojitegemea, na 2013, kilipopewa hati mpya chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012. Miaka hiyo ni sahihi, ila haisemi jambo lililo zito zaidi. Maseno hakikuanzishwa katika kiwanja kitupu. Tangu siku ya kwanza kimekua kwa kuchukua majumba, mashamba na wakati mwingine majina ya taasisi zilizokuwa na kazi zake, na kila mara swali limekuwa lile lile: kazi hiyo sasa ataifanya nani?

Kivuli cha mti

Elimu ya kigeni ilifika Maseno mwaka 1906, wakati J. J. Willis, mmishonari wa shirika la Kianglikana la CMS ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda, alipoanzisha kituo na shule. Jina lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na mti uliokuwa ukimea hapo, ambao Wajaluo huuita oseno na Waluhya oluseno. Wenyeji wa pande zote mbili hudai kwamba neno ni lao, na madai hayo yana uzito kuliko yanavyosikika, kwa kuwa Maseno iko pale hasa jamii hizo mbili zinapopakana.

Shule ya Maseno ilipata sifa kubwa chini ya Carey Francis, aliyeiongoza kuanzia 1928 hadi 1940 kabla ya kuhamia Alliance. Miongoni mwa waliopitia humo ni Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, aliyerejea kufundisha baada ya kuhitimu Makerere na kisha akaongoza shule ya mifugo iliyokuwa papo hapo Maseno. Mwanahistoria Bethwell Ogot, aliyefariki Januari 2025, alikuwa mwanafunzi wa shule hiyo pia. Kando ya shule palikuwa na hospitali ya misheni, na katika miaka iliyofuata serikali ikaweka hapo Chuo cha Ualimu cha Siriba na Taasisi ya Serikali ya Mafunzo, iliyowanoa watumishi wa umma. Kwa hiyo kufikia miaka ya 1980 kituo kile kilikuwa tayari na zaidi ya nusu karne ya kufundisha watu kazi: ualimu, utawala, uuguzi na utunzaji wa mifugo. Kilichokosekana ni shahada.

Mwaka wa makundi mawili

Shahada zilikuja kwa haraka, na sababu ilikuwa nje ya Maseno. Tume ya Colin Mackay ilikuwa imependekeza mwaka 1981 kuanzishwa kwa chuo kikuu cha pili na kugeuzwa kwa mfumo wa elimu. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret. Mfumo wa 8-4-4 ukaanza 1985, na watahiniwa wake wa kwanza wa KCSE wakafanya mtihani mwaka 1989. Hesabu yake ilikuwa rahisi, na ingawa kila mwenye kalamu na karatasi angeweza kuifanya mapema, ilionekana kuwashtua wakuu: mwaka 1990 vyuo vikuu vilitakiwa kupokea kwa pamoja wanafunzi wa mwisho wa kidato cha sita na wale wa kwanza wa 8-4-4. Wakati huo vyuo vikuu vya umma vilivyojitegemea vilikuwa vinne tu: Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton.

Kujenga mabweni na kumbi mpya kungechukua miaka. Serikali ikageukia taasisi za ngazi ya kati zilizokuwa na vitanda, jikoni, vyumba vya madarasa na ardhi. Mnamo Oktoba 1990 Siriba na Taasisi ya Serikali ya Mafunzo ziliunganishwa, zikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Maseno. Ulikuwa mwaka mgumu kwa wakazi wa Kisumu na viunga vyake. Mwezi Februari Waziri wa Mashauri ya Kigeni, Dkt Robert Ouko, aliyezaliwa sehemu hizo, alikuwa ameuawa, na ghasia zikazuka mitaani. Miezi minane baadaye wakazi hao hao wakapata chuo kikuu.

Waliokuwa wakifunzwa ualimu Siriba hawakuwa na chuo tena. Hili halitajwi sana katika hotuba za mahafali, lakini ndilo gharama ya kwanza ya Maseno, na ni gharama iliyolipwa na wengine: wazazi wa vijana ambao alama zao ziliwatosha kuwa walimu wa shule za msingi, si kuingia chuo kikuu. Jina Siriba halikufutika. Hadi leo ni jina la bewa mojawapo, na mwanafunzi anayesema anaenda Siriba pengine hajui kwamba anataja chuo kilichokwisha.

Kwa muongo mzima Maseno ilikuwa chini ya Eldoret, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo. Waliohitimu walipewa shahada za Chuo Kikuu cha Moi. Hata hivyo ni katika kipindi hicho ambapo chuo kilijipatia sura ya kitaaluma. Ogot alirejea mahali aliposomea na kuongoza taasisi ya utafiti na masomo ya uzamili. Mwanahistoria mwenzake, William Ochieng', alifundisha hapo pia hadi miaka ya mwisho ya maisha yake, kabla ya kufariki Desemba 2014. Kwa chuo kichanga cha mashambani, kuwa na wawili kati ya waandishi wakubwa wa historia ya Kenya halikuwa jambo dogo.

Kujitegemea

Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Maseno chuo kikuu kamili mwaka 2000, na mwaka 2001 Profesa Frederick Onyango akawa Naibu Chansela wake wa kwanza. Desemba mwaka huo huo Kisumu, ikiadhimisha miaka mia moja tangu reli ilipofika ziwani, ilitangazwa kuwa jiji. Kwa desturi ya wakati huo Chansela alikuwa Rais mwenyewe, Daniel arap Moi. Mwai Kibaki alipoingia madarakani aliiacha desturi hiyo mwaka 2003, na vyuo vikuu vya umma vikaanza kupata machansela wasio wakuu wa nchi. Maseno ilikuja kuongozwa na Profesa Florida Karani katika wadhifa huo.

Sifa ya utafiti ilitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia: kwenye mboga. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, alipokuwa mhadhiri Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, alishughulikia mboga ambazo wakati huo zilihesabiwa kuwa chakula cha maskini: mnavu, mgagani, mrenda na majani ya kunde. Ni zile ambazo akina mama wa Kijaluo huziita osuga, dek, apoth na boo, na wenzao wa Vihiga wana majina yao. Alikusanya mbegu, akachunguza lishe yake na kuwafunza wakulima namna ya kuzizalisha. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunuku tuzo ya sayansi. Leo mboga hizo zinauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi, mara nyingine kwa bei inayoishinda sukumawiki. Ni vigumu kupata mfano bora wa utafiti uliotoka moja kwa moja katika shamba la jirani wa chuo.

Hisabati nayo ina sura yake. Tangu 2011 wahadhiri wa Maseno na wenzao wa nje wamekuwa wakiandaa kambi za hisabati kwa wanafunzi wa shule za upili, ambako somo linaloogopwa hufundishwa kwa michezo, mafumbo na kompyuta. Katika afya, ushirikiano na Taasisi ya Utafiti wa Kitiba, KEMRI, ambayo ina kituo kikubwa Kisian kati ya Kisumu na Maseno, umewapa wanafunzi wa uzamili uwanja wa kuchunguza malaria katika eneo ambalo ugonjwa huo unaua watoto kuliko sehemu nyingi za nchi.

Kufundisha madaktari kulihitaji hospitali kubwa, na hapa tena chuo kilikwenda kwenye nyumba iliyokuwa na historia yake. Wanafunzi wa udaktari wa Maseno hujifunzia katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ambayo wakazi wengi bado huiita "Russia" kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Rais Jomo Kenyatta aliifungua tarehe 25 Oktoba 1969. Siku hiyo yeye na Odinga walirushiana maneno hadharani, umati ukazusha vurugu, walinzi wakafyatua risasi na watu wakauawa. Chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na yeye akawekwa kizuizini. Hospitali hiyo sasa ina jina la aliyefungwa, si la aliyekata utepe.

Mjini pia chuo kilipata mali. Hoteli ya Kisumu, iliyopokea wasafiri wa ndege zilizotua majini miaka ya 1930 katika safari za kutoka Uingereza kwenda kusini mwa Afrika, iliingia mikononi mwake, na bewa la jijini likavuta wafanyakazi waliotaka kusoma jioni.

Watoto wa Maseno

Mwaka 2009 ilikuwa zamu ya Maseno kuwa mlezi. Chuo cha Ualimu cha Bondo, katika Siaya, kilifanywa chuo kikuu kishiriki chini yake. Yaliyoipata Siriba mwaka 1990 yakaipata Bondo karibu miaka ishirini baadaye, kwa njia ile ile na sababu zinazofanana. Februari 2013 chuo hicho kilijitegemea na kuitwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Jaramogi Oginga Odinga. Ni katika viwanja vyake ambako maelfu walikusanyika Oktoba 2025 kwa ibada ya mazishi ya mwana wa Jaramogi, aliyekuwa Waziri Mkuu, Raila Odinga.

Mtoto wa pili ni Chuo Kikuu cha Tom Mboya, Homa Bay, kilichoanza kama chuo kishiriki cha Maseno mwaka 2016 na kupewa hati yake mwaka 2022. Jina lake linakumbusha enzi ambapo kijana wa ziwani aliyetaka shahada alilazimika kuvuka mipaka: Makerere, au Marekani kwa ndege zilizoandaliwa na Mboya mwishoni mwa miaka ya 1950, au Ulaya Mashariki kwa msaada wa Odinga. Sasa pwani ya Kenya ya ziwa hilo, kutoka Bondo hadi Homa Bay, ina vyuo vikuu vya umma ambavyo mtu anaweza kufika kwa matatu.

Karo na mpaka

Wingi huo una upande wake mwingine. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 vyuo vya umma vilijikimu kwa kusajili wanafunzi waliojilipia karo yote, na upanuzi wa mabewa ulitegemea fedha hizo. Mwaka 2016 udanganyifu katika mitihani ulipodhibitiwa, idadi ya waliopata C+ na zaidi katika KCSE ilianguka kutoka zaidi ya 160,000 mwaka uliotangulia hadi chini ya 90,000. Karibu wote waliofuzu walipata nafasi za serikali, na kisima cha wanaojilipia kikakauka, huku mishahara na madeni yakibaki pale pale. Mfumo mpya wa ufadhili ulioanza 2023, unaopima hali ya kila familia, ulitangazwa na Mahakama Kuu Desemba 2024 kuwa kinyume cha Katiba, na shauri likaenda Mahakama ya Rufaa.

Suala jingine ni la ardhi. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, viongozi wa Kisumu na Vihiga wamevutana mara kwa mara kuhusu kaunti inayomiliki Maseno na inayostahili kutoza ushuru katika maduka yake. Chuo kiko katikati ya mvutano huo bila kuuanzisha. Mabweni hayawatoshi wanafunzi, hivyo wengi hupanga vyumba Mabungo na Nyawita, au hushuka hadi soko la Luanda, lililo upande wa Vihiga. Kodi za vyumba hivyo, viazi, mkaa na nauli za bodaboda ndizo fedha ambazo kaunti zote mbili zinazitazama.